Nauziwa jiko la kuni la jiwe la sabuni, used. Mnaoishi nchi za baridi naombeni ushauri kabla sijatoa hela

Mwana wa Makete

Habari wakuu. Nipo Maine, Marekani, kule juu kabisa mpakani na Kanada. Mimi na mama watoto tumenunua nyumba ya zamani nje kidogo ya Lewiston, nyumba nzuri ila mafuta inayokunywa wakati wa baridi ni balaa. Kwa wasiojua, huku nyumba nyingi zinapashwa na boila ya mafuta, gari linakuja linajaza tanki kule besmenti, chumba cha chini ya nyumba, na hakuna jimbo jingine Marekani linalotegemea hayo mafuta kama hili. Usiku wa Januari unaweza kushuka mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri. Mi ni mtu wa Makete baridi naijua toka utotoni, ila hii ni habari nyingine kabisa.

Sasa kuna mzee jirani anahamia kwa mwanae, anauza jiko lake la kuni la kupashia nyumba, la kampuni ya Hearthstone, kiunzi ni chuma na kuta zote ni vibao vya lile jiwe la kijivu la sabuni, anataka dola 900. Limekaa gereji muda mrefu, juu yake kapanga makopo ya rangi. Mapya ya aina hii nayaona yanaenda maelfu kadhaa. Majirani wote wimbo wao ni mmoja, nyumba ya huku isiyo na jiko la kuni haijakamilika, wanakumbuka ile dhoruba ya barafu ya Januari 1998 umeme ukakatika wengine wakakaa wiki nzima na zaidi bila umeme, na boila bila umeme haiwaki hata kama tanki limejaa.

Ninachotaka kujua, jiko la jiwe lililotumika nakagua nini? Jiwe likiwa na ufa ndo limekufa? Na hiyo 900 ni halali? Nyumbani nina dohani ya matofali inayopanda nje ya ukuta, ya zamani sawa na nyumba, nilitegemea nachomeka bomba humo naanza kuwasha.

Omogusii wa Minnesota

Boss kwanza pole na baridi, hapa kwetu Minnesota ni yale yale. Mimi nimezaliwa Tabaka kule Kisii, hilo jiwe nimelikanyaga tangu nikiwa mtoto, ni lile lile watu wanachonga vinyago, sahani, chess za kuuzia watalii, basi acha nikuambie kitu kuhusu jiwe lenyewe, jiko wengine watakuja kukuambia.

Ni jiwe laini sana, ndani yake kuna talki nyingi, hiyo ndio inafanya ukilipapasa unasikia kama limepakwa sabuni. Ukilikwaruza na ukucha linaacha unga mweupe. Kwetu wazee wanalichonga na panga na visu vidogo, halafu kina mama wanakaa na mabeseni ya maji wanasugua na sandpepa, wanaanza na ile ya kukwaruza wanamaliza na ile laini kabisa mpaka alama zote za kisu zinapotea, ndio linapakwa nta linang'aa. So ukifika kwa huyo mzee ukiona jiwe limekwaruzika, lina madoa, pembe imemeguka kidogo, usishtuke. Hiyo ni kazi ya sandpepa na maji. Nta usipake kwa jiko lakini, itatoa moshi na harufu ukiwasha.

Ufa ni story tofauti. Pitisha ukucha juu ya huo mstari. Kama ukucha hauingii, mara nyingi ni mshipa wa jiwe lenyewe, hili jiwe lina mishipa myeupe na ya kijani, mtu asiyelijua anadhani limepasuka. Kama ukucha unakwama na mstari unaanza ukingo mmoja unaisha ukingo wa pili, hapo uliza maswali.

Mama Jeni wa Vermont

Kaka Makete karibu kwenye ukoo wa kuni. Sisi tunaishi karibu na mpaka wa New Hampshire na jiko letu ni la jiwe, la kampuni ya Woodstock, tulilinunua mkononi mwa mtu, kwa hiyo haya nakuandikia nayaishi kila siku.

Jiwe halichakai kirahisi. Kinachochakaa ni vitu vinavyolishikilia. Vile vibao vimepangwa ndani ya fremu ya chuma na kuzibwa kwa simenti maalum ya moto, na ile simenti ikishapashwa na kupoa miaka na miaka inakauka inabanduka, hewa inaanza kupenya mahali ambapo hujaipangia kupita. Jiko likivuta hewa kwenye maungio huwezi kulitawala, unafunga kidirisha cha hewa moto unazidi kunguruma. Basi fanya hivi. Nenda jioni, chukua tochi yenye nguvu, muombe mzee azime taa za gereji, ingiza tochi ndani ya jiko, funga mlango, kisha zunguka polepole ukiangalia kila muungano. Ukiona mwanga umetoka kama uzi mahali, hapo panavuja. Mwanga kwenye kona moja mbili unazibika, ni kopo la simenti na mchana mmoja wa kazi. Mwanga kila upande maana yake jiko linataka kufumuliwa lote na kujengwa upya, na hiyo kazi ukimpa fundi inameza bei uliyonunulia.

Halafu mlango. Una kamba imezunguka pembeni, ndo gasketi yake. Chukua noti ya dola, ibane mlangoni, funga, uivute. Ikitoka bila kubanwa gasketi imekufa. Rudia pande zote. Gasketi ni bei ndogo usiache jiko kwa sababu hiyo, ila itaje wakati wa kupatana.

Ndani angalia juu, kuna sahani au kibao kinachouzuia moto usikimbilie bomba moja kwa moja, mara nyingi ndo kinachoungua wa kwanza. Kama kimepinda au kimetoboka uliza kiwandani kabla hujanunua kama kipo. Hearthstone wapo mpaka leo pale Morrisville, Vermont, na Woodstock wapo West Lebanon, New Hampshire, hao wanauza wenyewe moja kwa moja hawana madukani. Mwenye jina la modeli anapiga simu anauliza. Modeli ikishakuwa ya zamani sana spea zinakuwa shida.

KuniKavu

Dada kamaliza vizuri, mi naongezea suala la sheria maana nipo jimbo la Washington na watu wanaumia sana hapa. Nyuma ya jiko tafuta kibati cha EPA, lile shirika lao la mazingira. Wameanza kudhibiti moshi wa majiko ya kuni tangu 1988, kuanzia 1990 jiko lenye kataliti, kile kifaa cha ndani kinachounguza moshi, likatakiwa lisizidi gramu 4.1 za moshi kwa saa na lisilo na kataliti 7.5, na tangu Mei 2020 jiko jipya likipimwa maabara kwa mbao zao maalum za majaribio lisizidi gramu 2. Jiko la zamani lenye kibati bado unaweza kulitumia majimbo mengi. Lakini hapa Washington na jirani zetu Oregon jiko lisilo na kibati huruhusiwi hata kuliuza mkononi, na Oregon ukiuza nyumba yenye jiko kama hilo unatakiwa uling'oe. Kwa hapo Maine nenda ofisi ya mji wako uulize, kibali utakihitaji vilevile.

Na kile kibati kinakuandikia jambo jingine muhimu zaidi, jiko likae umbali gani kutoka ukutani. Likiwa halina kibati umbali unaotumika ni inchi 36 kila upande wenye kitu kinachoungua, karibu mita moja, sasa sebule ya nyumba ya zamani ukitoa mita moja kila upande unabaki na nini? Piga picha kibati kabla hujaongea bei.

Mtoto wa Buguruni

Samahanini wakuu, mi nipo Dar huku tunatafuta feni, ila kuna kitu sielewi. Si ndo hivi hivi watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi kule Mbeya na Arusha wanalala wanakutwa wamekufa? Hawa wanawasha kuni ndani usiku kucha na madirisha yamefungwa, mbona wako salama?

Mama Jeni wa Vermont

Mdogo wangu swali lako ni la maana sana na ndo maana nasisitiza mambo ya kuvuja. Jiko la mkaa moshi wake na ile gesi isiyo na harufu, kaboni monoksidi, vyote vinabaki chumbani na nyie. Hili jiko limefungwa pande zote, moto upo ndani ya boksi, hewa ya moto na gesi zote zinapanda dohani zinatoka juu ya paa, na dohani ikiwa ya moto inavuta yenyewe kwa nguvu. Siku dohani ikiziba au ikipoa ikashindwa kuvuta, gesi inarudi ndani na inaua vilevile kama huko Mbeya. Kwa hiyo kila nyumba yenye jiko la kuni inatakiwa kuwa na kengele ya kaboni monoksidi, moja karibu na vyumba vya kulala na moja kila ghorofa. Kaka Makete kabla ya jiko nunua kengele.

Papa Espoir

Salamu ndugu zangu. Miye niko hapa Portland, Maine, natoka Bukavu. Hapa wakongomani tuko wengi na kila baridi ikianza watu wanalalamikia mafuta. Ndugu Makete unifanyie hesabu moja, kuni huku bei gani na inalinganaje na mafuta? Juu mtu mmoja aliniambia kuni ni bure na mimi sikuamini.

Mwana wa Makete

Papa Espoir kuni sio bure labda uwe na msitu wako na msumeno wako. Zinauzwa kwa kordi, ni rundo lililopangwa futi 4 kwa 4 kwa 8, futi za ujazo 128. Kwa nilivyopiga hesabu kordi moja ya miti migumu, mwaloni, mepo, ikiwa imekauka vizuri na jiko likiwa la maana, inakupa joto kama la galoni 120 hadi 130 za mafuta. Kwa hiyo chukua bei ya galoni ya wiki hii zidisha kwa 120, linganisha na anachotaka muuza kuni. Usilinganishe na bei za mwaka juzi maana mafuta yanapanda na kushuka sana.

KuniKavu

Hesabu nzuri mkuu, ila neno "imekauka vizuri" ndo limebeba kila kitu. Muuzaji akikuambia kuni zimekauka usimuamini, beba kipima unyevu, ni kadude kana meno mawili bei ya chakula cha mchana. Pasua gogo katikati, choma meno kwenye uso mpya uliopasuka sio nje, isome. Chini ya asilimia 20 chukua. Juu ya hapo unanunua maji, moto wote unaishia kuchemsha maji yaliyomo ndani ya kuni na moshi unapanda umepoa, unaganda kwenye kuta za dohani unakuwa lami nyeusi inayong'aa wanaita kriosoti. Hiyo lami siku ikishika moto dohani inanguruma kama ndege inapaa, na nyumba nyingi huku zinaungua kwa njia hiyo. Mwaloni ukipasuliwa unataka kama miaka miwili ukauke, mepo mwaka mmoja na kitu. Maana yake kuni za baridi ijayo zilitakiwa ziwe zimepangwa uani tayari.

Na msivuke mpaka wa jimbo na kuni. Maine wamezuia kuni za kutoka majimbo mengine ambazo hazijapashwa joto maalum la kuua wadudu, hata zikiwa kavu, sababu ya wadudu wanaoua miti.

Fundi Mchomeleaji

Wakuu nipo Massachusetts, kazi yangu chuma. Naona watu wanalisifia hili jiwe kama lina miujiza, sasa naomba tuweke namba ili mtu asinunue ndoto.

Kilo moja ya jiwe la sabuni inabeba joto karibu mara mbili ya kilo moja ya chuma cha kusubu, hiyo ni kweli. Sasa chukua jiko lenye jiwe kilo 150. Usiku moto unazima, jiwe linapoa toka nyuzi 180 mpaka 30, ni nyuzi 150 hizo. Kila kilo inatoa kama kilojuli 1 kwa kila nyuzi moja. 150 mara 150 ni kilojuli 22,500, ukibadilisha ni kama yuniti 6 za umeme na robo. Kilo ya kuni kavu ina yuniti kama 4, jiko likikamata 3 zikabaki ndani ya nyumba, basi jiwe lote hilo limebeba joto la kuni kilo mbili hivi. Magogo mawili.

Sisemi ni kitu kidogo. Yuniti 6 zikitoka taratibu kati ya saa nane usiku na asubuhi unaamka sebule haijawa barafu, ni chungu kilichoipuliwa bado kinapika maharage. Na pale moto unapokuwa mkali jiwe linaumeza kwanza halafu linautoa polepole, kwa hiyo hukai unavua sweta na kuvaa sweta, jiko la bati jembamba haliwezi hivyo. Ila usiku kucha unapashwa na kuni ulizojaza na ukubwa wa boksi la moto. Jiko dogo la jiwe halitashinda jiko kubwa la chuma kwenye nyumba kubwa inayopitisha upepo. Mkuu nyumba yako ukubwa gani na darini kuna insulesheni, lile tabaka la kuzuia joto lisitoke?

Kwenye ukaguzi mi naongezea vyuma. Chuma cha kusubu kikipata ufa kukichomelea ni kazi ngumu sana, kinapasuka pembeni ya ulipochomelea. Angalia fremu hasa pembe za mlango na sehemu bomba linapotokea juu. Tafuta mahali chuma kimebadilika rangi kikawa cheupe kijivu au kimepinda, hiyo ni alama mtu alikuwa anawasha kupita kiasi. Jiko lililozidishiwa moto halifichi. Kutu ya juu juu iliyotokana na gereji isikutishe, burashi ya waya na rangi ya jiko vinamaliza.

Mwana wa Makete

Asanteni sana, hii ni elimu. Fundi, nyumba ni ghorofa moja na dari, insulesheni ya darini ni nyembamba sana naiona kwa macho. Nitaanza na hiyo kwanza kabla ya baridi, hoja yako nimeielewa.

Nimeenda kwa mzee jioni na tochi kama dada Mama Jeni alivyosema. Mwanga umetokea sehemu mbili, kona ya nyuma kushoto chini na juu ya mlango kidogo. Mlango noti imetoka upande wa bawaba. Jiwe la juu lina mstari mrefu, nikapitisha ukucha haukwami, una rangi ya kijani kijani, nadhani ni mshipa kama alivyosema ndugu wa Tabaka. Kibati kipo, kinasomeka, EPA ya 1990. Sahani ya ndani imepinda. Halina kataliti. Mzee kaniambia wazi kuwa alikuwa anachoma kila kitu hata mbao za zamani zenye rangi.

Mama Jeni wa Vermont

Ni bahati halina kataliti basi, maana rangi na mbao zenye dawa zinaiua. Majivu yaliyobaki ndani usiyashike kwa mikono mitupu wala usiyamwage bustanini, rangi za zamani zina risasi.

Hiyo sahani piga simu kiwandani na namba ya modeli. Kama ipo mpe mzee 600, umuonyeshe mwanga kwenye kona na noti inavyotoka, hana ubishi. Kama haipo achana nalo, tafuta jingine, wakati wa kiangazi hujaa Facebook Marketplace na Craigslist, ni majira ambayo hakuna anayewaza baridi. Oktoba bei zinapanda zote.

Lakini kaka kitu ambacho bado hujakijibu ni dohani. Jiko ni nusu tu. Hujasema kama fundi kaikagua, na ukiweka kifaa kipya kwenye dohani ya zamani sheria za usalama zinataka ukaguzi wa ngazi ya pili, fundi anashusha kamera toka juu mpaka chini. Usitoe hela ya jiko kabla ya kamera.

Papa Espoir

Mama anasema kweli. Jirani yangu hapa alinunua stove mzuri kabisa, akakuta dohani inatumika na boila ya mafuta. Dohani moja kifaa kimoja ndugu. Uangalie kama boila yako haiko imeingia mule mule.

Mwana wa Makete

Wakuu nimerudi. Boila ina bomba lake la pembeni, hapo niko salama. Fundi wa dohani amekuja na kamera, tumeangalia pamoja kwenye kioo chake. Vile vigae vya udongo vilivyozungushiwa dohani kwa ndani, viwili vimepasuka, kimoja kipande kimeshadondoka chini, unaona tofali tupu. Amesema nisiwashe hata karatasi humo. Anashauri kushusha bomba la chuma kisichoshika kutu la inchi 6 lenye insulesheni toka juu hadi kwenye jiko, na bei yake imezidi bei ya jiko mara kadhaa.

Kaniambia pia hata vigae vingekuwa vizima dohani ni pana mno kwa jiko langu, mi sikuelewa vizuri, kwa nini upana uwe tatizo? Nilidhani pana ndo inavuta vizuri.

KuniKavu

Hapana mkuu, fundi yuko sahihi. Vigae vya zamani mara nyingi ni inchi 8 kwa 12, nafasi ya ndani inabaki kama inchi za mraba 77. Shingo ya jiko lako, pale bomba linapochomekwa, ya inchi 6 ni inchi za mraba 28. Kwa dohani iliyopanda nje ya nyumba ambayo inapigwa baridi pande tatu, kiwango ni isizidi mara mbili ya shingo, yaani 56. Moshi ukiingia kwenye uwazi mkubwa wenye kuta za barafu unapunguza mwendo, unapoa, unaacha lami yake hapo hapo, na jiko linashindwa kuvuta asubuhi unapofungua mlango moshi unakuja usoni. Bomba la inchi 6 lenye insulesheni linabaki la moto, linavuta, na kulisafisha unapitisha burashi moja toka juu. Mwambie pia aangalie kimo, ncha inatakiwa kuzidi paa futi 3 pale inapotokea na futi 2 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya futi 10.

Omogusii wa Minnesota

Boss sasa hesabu yote unaiangalia vipi? Jiko 600, bomba, fundi, kibali, kuni. Kuna mtu alikuwa ananiambia anunue jipya apate ile nafuu ya kodi.

Fundi Mchomeleaji

Ile nafuu ilikuwa asilimia 30 mpaka dola 2,000 kwa jiko jipya lenye ufanisi wa asilimia 75 kwenda juu, na imeisha na mwaka 2025, isimchanganye. Bomba la dohani angelihitaji hata akinunua jipya, kwa hiyo tofauti ni jiko tu. Maoni yangu, jiwe zima, fremu nzima, kibati kipo, chukua. Bomba ndo mali yako, jiko likichoka miaka ijayo unabadilisha jiko bomba linabaki.

Mwana wa Makete

Nimepiga Hearthstone, sahani ya modeli hii ipo, nimeiagiza. Mzee nimempa 600, hakubishana, alivyoona mwanga wa tochi alitikisa kichwa tu. Tulilibeba watu wanne, limezidi kilo 200, tulivua kwanza jiwe la juu na mlango na zile tofali za ndani ndo likawa afadhali, tukatumia troli ya friji yenye mkanda. Asiwadanganye mtu mkabebe wawili. Bima nimewapigia, wanataka barua ya mkaguzi wa mji na picha, basi.

Fundi wa bomba ana foleni mpaka Septemba. Jiko lipo gereji kwangu limefunikwa. Kona inayovuja nimeshaikwangua simenti ya zamani nikapaka mpya, gasketi mpya nimeshabandika. Swali la mwisho, siku ya kwanza naliwashaje? Nimesoma mahali kuwa ukiliwasha kwa nguvu jiwe linapasuka.

Mama Jeni wa Vermont

Ni kweli kaka, hasa lililokaa gereji. Jiwe na ile simenti mpya vinashika unyevu, ukivipandisha joto haraka maji ndani yanageuka mvuke yanatafuta njia, na njia yake ni ufa. Likishafungwa ndani ya nyumba liache likae siku kadhaa kwenye joto la chumba kabla ya kiberiti. Kisha washa moto mdogo wa vijiti tu, weka kiganja juu ya jiwe, likifika pale huwezi kuacha mkono tena acha moto ufe wenyewe. Lipoe kabisa mpaka ndani. Kesho yake moto mkubwa kidogo kuliko wa jana, lipoe tena. Utaona jiwe linatoa jasho, matone kabisa, ni kawaida yafute na kitambaa. Fungua madirisha maana simenti na rangi vitatoa harufu. Matone yakikoma ndo unaanza kupanda taratibu.

Nunua kipimajoto cha sumaku ukiweke kwenye bomba, na kile cha kukaa juu ya jiwe la katikati. Vitabu vyao vingi vinataka jiwe lisizidi nyuzi 315 hivi. Na baridi yote, kama jiko limezima likapoa kabisa kwa sababu mlisafiri, usilirudishe na moto mkubwa kwa pupa kwa kuwa watoto wanatetemeka, washa boila iwapashe watoto na jiko ulianze na vijiti.

KuniKavu

Na kuni je, umeshapanga?

Mwana wa Makete

Kordi tatu za mepo, zimepasuliwa mwaka jana, nimepima mwenyewe kwenye gogo nililopasua hapo hapo kwa muuzaji, 18, nyingine 19. Nimezipanga uani upande wa jua juu ya palete, juu nimefunika bati pembeni nimeacha wazi upepo upite. Mwaloni nimenunua kordi moja mbichi, huo ni wa miaka miwili mbele.